Mtoto Asomaye Nyumbani Apewe Kalamu

Ndugu zetu wa visiwani wanaoifuata safu hii wamezoea kusimuliwa ndani yake habari za karafuu, za bandari na za makadirio ya Serikali. Leo tunawaomba wavuke bahari pamoja nasi na kupanda hadi Babati, makao makuu ya Mkoa wa Manyara, mkoa uliozaliwa mwaka 2002 ulipomegwa kutoka Arusha. Hapo ndipo barabara kuu itokayo Arusha kwenda Dodoma inapoachana na ile iendayo Singida. Katika Halmashauri ya Mji wa Babati imo kata iitwayo Mutuka, na kazi ya Chama ndiyo iliyomfikisha huko mwandishi wa makala haya, ambaye ni mzaliwa wa kisiwani na mwanafunzi wa chuoni kabla ya kuwa mwanafunzi wa skuli.

Jambo tulilolikuta huko, na ambalo kwa maoni yetu linawahusu wazazi na maofisa wa pande zote mbili za bahari, ni hili. Yuko mtoto ambaye kwa sababu hii au ile hasomi darasani bali nyumbani, na jamaa wanaomsaidia wanamfundisha sarufi ya Kiswahili kwa kumkaririsha. Anakariri ngeli kama sisi tulivyokariri alifu, bee, tee. Akiulizwa anajibu, tena kwa haraka. Akipewa karatasi aandike mistari mitano juu ya ng'ombe wa baba yake, anakaa na kalamu mkononi kama mtu aliyepewa ufunguo asijue mlango uko wapi.

Tuseme wazi tangu mwanzo, ili ndugu zetu wa idara za elimu wasitufahamu vibaya. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inataka kila mtoto aliyetimiza umri wa miaka 7 aandikishwe shule ya msingi na ahudhurie. Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 1982, na kabla ya hapo ilikwisha tangaza elimu bila ya malipo tarehe 23 Septemba 1964. Hatumtetei hata kidogo mzazi anayemficha mtoto ili apate mchungaji wa bure. Huyo ashughulikiwe kwa mujibu wa sheria. Tunaowazungumzia ni wengine: mtoto aliyelazwa na maradhi ya muda mrefu, mtoto mwenye ulemavu ambaye njia ya shule humshinda masika yakianza, mtoto wa wazazi waliohama katikati ya mwaka akawa bado hajapokewa kwingine. Watoto hawa wapo Babati, wapo Micheweni, wapo Mafia. Katika daftari la mahudhurio wanaandikwa kuwa hawapo, na baada ya hapo mara nyingi hakuna anayeuliza wako wapi.

Wala asidhani mtu kwamba haya ni mambo ya wachache tu. Mwezi Machi 2020, maradhi ya korona yalipoingia nchini, shule za Bara zilifungwa kuanzia tarehe 17, na watoto wa shule za msingi hawakurudi madarasani hadi Juni 29. Kwa muda wa zaidi ya miezi mitatu kila nyumba ilikuwa shule, na kila mzazi, apende asipende, alikuwa mwalimu. Redio na televisheni zilirusha vipindi vya masomo, na tunazishukuru. Lakini redio husema tu; haifungui daftari la mtoto ikaona alipokosea.

Katika nyumba moja ya Mutuka tulimkuta mtoto wa kike wa miaka kumi, aliyevunjika mguu akakaa nyumbani zaidi ya muhula mmoja. Hatutalitaja jina lake wala la jamaa zake. Nyumbani kwao husemwa Kigorowa. Kiswahili kwao ni lugha ya sokoni, ya shuleni na ya ofisini. Kaka yake, kijana aliyemaliza kidato cha nne, ndiye aliyejitwika kazi ya kumfundisha, na kwa hilo anastahili heshima, maana vijana wengi wa umri wake wangeona ni kazi ya watu wengine. Alikuwa amemchorea jedwali la ngeli kwenye kadibodi na kulitundika ukutani. Mtoto alilijua jedwali lote.

Tulipomwomba atusomee alichokiandika mwenyewe, alileta sentensi moja, aliyoiandika siku ya pili yake baada ya kusikia habari za mnyama aliyetoka katika Ziwa Babati, ziwa ambalo hadi leo wamo viboko: "Kiboko kikubwa kilitoka ziwani usiku kikala mahindi." Kaka yake alikuwa ameitia alama ya vyema. Kwa mujibu wa jedwali la ukutani hakukosea, kwani kiboko na viboko ni ki na vi. Lakini msomaji wetu wa Unguja au wa Pemba amekwisha cheka. Kwa sikio la mwenye lugha, fimbo kubwa ya ngozi imetoka majini ikashambulia shamba la watu.

"Mjomba," akauliza mtoto, "kwani kiboko si ki-vi?"

Swali hili ni la mtu mwenye akili, na jedwali halina jibu lake. Jina lina umbo lake, lakini kiumbe chenye uhai hupatanishwa kwa uhai wake: kiboko mkubwa alitoka, viboko wakubwa walitoka. Fimbo, ambayo ilipewa jina hilo kwa sababu hukatwa katika ngozi ya mnyama huyo, hubaki kitu: kiboko kikubwa kilivunjika. Tungaliweza kumpa kanuni hiyo aikariri pamoja na zile nyingine. Badala yake tulimwomba aandike sentensi moja ambayo ndani yake wamo wote wawili, mnyama na fimbo. Alichukua muda mrefu. Alifuta mara tatu. Mwisho akaandika: "Kiboko mkubwa alipotoka, babu alimtisha kwa kiboko kikubwa, lakini kiboko hakuogopa." Tukamwuliza, ni yupi ambaye hakuogopa? Akasema, "Si imeandikwa ha-kuogopa? Ni mnyama. Ingekuwa fimbo ningeandika hakikuogopa."

Siku hiyo hiyo, bila ya kuagizwa na mtu, alileta maneno mengine aliyoyagundua mwenyewe. Ndege ametua juu ya mti. Ndege imetua kiwanjani. Kifaru amelala; kifaru cha jeshi kimepita. Kukariri hakukumfikisha hapa. Alifika kwa sababu alikuwa na jambo la kusema, na karatasi ilimlazimisha kuchagua.

Wiki iliyofuata alikosea upande wa pili, kama wafanyavyo wanafunzi wote wenye bidii. Baada ya kujua kwamba wenye uhai hufuata a na wa, aliandika "baba wangu" na "rafiki wangu". Hapa pana shimo ambalo hata watu wazima wa Bara huanguka. Baba amefika, rafiki wamefika. Lakini ni baba yangu, ni rafiki zangu. Majina haya ya udugu na usuhuba yamekubali upatanisho wa uhai katika kitenzi na katika sifa, yakakataa katika kumiliki. Mwalimu wangu na mjomba wangu hayakukataa, kwa sababu umbo lake ni la m na wa tangu asili. Maelezo hayo yanatosha kumlaza mtoto usingizi. Kaka yake alitumia hekima: alimwambia amwandikie barua shangazi yake anayekaa Kondoa. Barua huanza kwa "Shangazi yangu mpenzi", na katika maneno hayo matatu tu kanuni nzima imo, yangu upande mmoja na mpenzi upande wa pili. Kisha katika barua wataingia mama yangu, kaka yangu, babu yangu, rafiki zangu, mwalimu wangu, na kila mmoja ataingia kwa sababu ana habari yake. Barua ile ilikuwa na kurasa mbili. Kosa la baba wangu halikurudi tena isipokuwa mara moja, na hiyo mara moja aliligundua yeye kabla ya kaka yake.

Inafaa ndugu zetu wa visiwani wafahamu kwa nini jambo lililo jepesi kwao ni zito hapa. Kigorowa na Kiiraqw si lugha za Kibantu. Ni za jamii ya Kikushi. Majina ya lugha hizo hugawanywa kwa jinsi, kuna ya kiume, ya kike na ya aina ya tatu, wala hayana ngeli kama zetu. Majirani zao Warangi na Wambugwe husema lugha za Kibantu zenye ngeli zake. Wabarbaigi nao husema lugha ya Kinailoti. Kwa hiyo katika mji mmoja wa Babati watoto wanaingia katika Kiswahili kwa milango mitatu, na mwalimu, au mzazi aliyechukua nafasi ya mwalimu, akiwafundisha wote kana kwamba wameingia kwa mlango mmoja, atawapoteza wawili kati ya watatu.

Hapa tuongeze jambo dogo lililotufurahisha sisi tuliotoka jasho chuoni kwa ajili ya 'ain na haa ya kooni. Watoto wa Kigorowa na wa Kiiraqw wanazo sauti hizo mbili katika lugha ya mama zao, na huzitamka bila ya taabu yoyote. Mwalimu wetu wa chuo angaliwapenda. Lakini sauti za z na v hazimo katika asili ya lugha zao, na ndiyo maana katika daftari la mtoto wetu tuliona "fitabu" na "fyombo". Kosa la namna hiyo dawa yake ni imla: mkubwa asome kwa sauti kipande kifupi cha gazeti, mtoto aandike, kisha apewe gazeti alinganishe mwenyewe. Dakika kumi kwa siku zinatosha.

Tumelitaja chuo, na tuseme neno juu yake. Wako wanaodhani kwamba chuoni ni kukariri tu. Kukariri kulikuwapo, hatukatai. Lakini wazee waliotutangulia waliandika ubaoni kwa wino wa masizi, wakamsomea mwalimu, wakaosha ubao, wakaandika tena. Hapana aliyeruhusiwa kuosha kabla hajaonyeshwa alipokosea. Kuosha na kuandika upya ndiko kulikowafanya wawe na hati nzuri na jicho kali, na ndiko tunakokukosa katika elimu yetu ya leo, ambayo mtihani wake wa darasa la saba kwa miaka mingi umekuwa kwa sehemu kubwa wa kuchagua herufi iliyo sahihi kati ya zilizotolewa. Mtoto anaweza kuchagua vizuri toka darasa la kwanza hadi la saba, akatoka shuleni asiweze kumwandikia mwenyekiti wa mtaa ombi la mistari minane.

Basi mtoto asomaye nyumbani aandike nini? Jibu letu ni kwamba aandike yale ambayo nyumba yenyewe inayahitaji. Tunaanza na daftari la nyumba. Katika familia tunayoizungumzia mtoto alipewa kazi ya kuandika kila jioni kilichoingia, kilichotoka na aliyefika. "Leo yameuzwa magunia mawili ya mbaazi. Gunia moja limepasuka. Mbaazi zilizomwagika zimeokotwa. Mfuko wa mbolea umeletwa. Kuku ametaga mayai matatu, yai moja limevunjika. Jembe limekatika mpini, mpini mpya umechongwa." Msomaji ahesabu mwenyewe ni ngeli ngapi zimepita katika mistari hiyo, na hakuna hata moja iliyotajwa kwa jina lake. Tena kuna faida ya pili. Baba wa nyumba alipobishana na mnunuzi wa mbaazi juu ya idadi ya magunia, lilifunguliwa daftari la mtoto, na ubishi ukaisha. Tangu siku ile hakuna aliyemwambia kwamba anapoteza karatasi.

Baada ya daftari la nyumba na barua, iko kazi ambayo sisi makada tunaipenda kwa sababu zetu wenyewe, nayo ni muhtasari wa kikao. Balozi wa shina akiita watu wake kuzungumzia mfereji au ulinzi, mtoto akae pembeni na kalamu. Kazi hii ni ngumu. Mzee anasema, "Nitaleta mawe kesho". Mwandishi hana budi kuandika kwamba mzee alisema angeleta mawe siku iliyofuata. Nafsi imegeuka, wakati umegeuka, na kesho imekuwa siku iliyofuata. Mtoto wetu katika muhtasari wake wa kwanza aliandika kwamba "mzee alisema nitaleta mawe kesho", na kaka yake akamwuliza kwa utani ni lini yeye mwenyewe ataleta mawe hayo. Utani ule ulifanya kazi kuliko ukurasa mzima wa kauli halisi na kauli ya taarifa.

Hadithi zina nafasi yake pia, hasa kwa kufundisha ule mfuatano wa nilikwenda, nikaona, nikarudi, ambao wageni wengi wa lugha yetu huuacha wakarundika "nilikwenda, niliona, nilirudi" mpaka msikilizaji akachoka. Na mazoea ya kila siku yaandikwe ili mtoto aizoee hu: mama hupika, ng'ombe hurudi jioni. Tuliwahi kuona "mama anahupika". Kosa kama hilo halionekani katika jedwali. Huonekana katika insha tu.

Kuhusu kusahihisha tuna maoni makali kidogo. Mzazi au kaka mwenye bidii akichukua kalamu nyekundu na kuujaza ukurasa alama, mtoto atajifunza jambo moja, kuandika kidogo ili akosolewe kidogo. Wiki moja ichaguliwe kosa la aina moja. Ikiwa ni upatanisho wa kumiliki, basi mengine yote yaachwe yapite, hata kama yanauma macho. Pembeni ya mstari wenye kosa itiwe nukta, bila ya kusema kosa ni lipi, mtoto alitafute. Akilipata, aandike upya sentensi nzima. Mkubwa asimwandikie. Na ukurasa wa zamani usichanwe. Ubakie daftarini, ili baada ya miezi miwili mtoto aone mwenyewe alikotoka.

Mambo haya hayakutoka ugenini. Yapata mwaka 1858, huko kaskazini katika visiwa vya Lamu, Mwana Kupona binti Mshamu, akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake utendi wa mafunzo, ukaandikwa kwa herufi za Kiarabu. Ni mama, nyumbani, anafundisha kwa maandishi. Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909, alimtungia binti yake Utenzi wa Hati na mwanawe wa kiume Utenzi wa Adili, na kwa miaka mingi alimwandikia barua ndugu yake Yusuf Ulenge. Barua hizo, za tangu mwaka 1931 hadi 1958, zilikusanywa na Profesa Mulokozi na kutolewa kitabu mwaka 2002. Anayezisoma ataona kwamba mtunzi mkubwa hakuwa na Kiswahili kimoja cha vitabu na kingine cha nyumbani. Alimwandikia ndugu yake kwa uangalifu ule ule.

Sasa tugeukie kwetu visiwani, kwa sababu tunajua wako waliokwisha kusema moyoni kwamba hayo ni matatizo ya Bara. Ni kweli kwamba Edward Steere alichapisha kitabu chake cha sarufi mwaka 1870 kwa Kiswahili alichokisikia Unguja, na kwamba mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliichagua lahaja ya Unguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, kazi ambayo Kamati ya Lugha iliishika kuanzia mwaka 1930. Fahari hiyo ni halali. Lakini mtoto wa Makunduchi nyumbani kwao husema Kikae, wa Tumbatu husema Kitumbatu, wa Pemba husema Kipemba, na hata yule wa Mjini husema "nshakula" na "ntakuja", akaandika hivyo hivyo. "Mtu alokuja jana" ni maneno matamu mdomoni. Katika barua ya kuomba kazi huwa ni "aliyekuja". Mtoto wa kisiwani ana sikio, na sikio humdanganya kwamba hahitaji kalamu. Nao vijana wa pande zote mbili wanaoandikiana kwa simu "xaxa" badala ya sasa hatuna haja ya kuwasema sana. Wao wenyewe wakiomba kazi huacha.

Kwa upande mwingine, mtoto wa kisiwani anayo hazina ambayo Mutuka haipo. Atakwambia nyumbani mna watu, akimaanisha ndani. Mlangoni pana watu, akionyesha mahali. Mjini kuna watu, bila ya kuonyesha. Huko Babati yote matatu huandikwa kuna. Kwa hiyo kila upande una kitu cha kuupa mwenzake.

Maofisa wetu watauliza fedha zitatoka wapi. Tunawakumbusha kwamba nchi hii ilikwisha kufanya kazi kubwa kuliko hii. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na Mwalimu Nyerere akataka ujinga wa kutojua kusoma ufutwe kabla ya mwisho wa mwaka 1971 katika sehemu sita za mfano, miongoni mwake visiwa viwili, Mafia na Ukerewe. Watu walifundishwa chini ya miembe, na waliofundisha wengi hawakuwa walimu. Hesabu za Serikali zilionyesha kwamba watu wazima wasiojua kusoma na kuandika, ambao mwaka 1967 walikuwa kiasi cha theluthi mbili, walishuka hadi chini ya asilimia 10 mwaka 1986. Wakuu wa kazi ile walitambua mapema kwamba aliyefundishwa kusoma asipopewa cha kuandika na cha kusoma atasahau, na ndiyo sababu kukawa na magazeti ya vijijini kama Elimu Haina Mwisho la kanda ya Ziwa, na masomo kwa njia ya posta, ambayo Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliyaendesha. Baadaye, mwishoni mwa miaka ya 1990, ukaja mpango wa MEMKWA kwa watoto walioikosa elimu ya msingi, wa umri wa miaka 11 hadi 18.

Mtoto wa miaka kumi mwenye mguu uliovunjika haingii katika mipango hiyo. Yeye ana shule yake, jina lake limo daftarini, na atarudi. Hatari yake ni kurudi akiwa nyuma ya wenzake, akarudishwa darasa la chini, akaona haya, akaacha. Haombi jengo wala bajeti mpya. Mtendaji wa mtaa na mwalimu mkuu wawe na orodha moja ya watoto waliokaa nyumbani zaidi ya mwezi mmoja, na sababu zao. Mwanafunzi wa jirani ambebee daftari lake kulipeleka shuleni kila Ijumaa ya pili, mwalimu wa Kiswahili alisome na kuandika mistari mitatu ya majibu, kisha lirudi. Familia yenye simu ielekezwe namna ya kuvipata vitabu vya kiada ambavyo Taasisi ya Elimu Tanzania imeviweka mtandaoni. Daftari ni kitu kidogo mno kuwa sababu ya mtoto kukatiwa masomo, na kama nyumba haina uwezo wa kulinunua, shina linaweza.

Na tunalo ombi moja kwa ndugu zetu wa visiwani, la maofisa wa elimu wa Unguja na Pemba hasa. Watafutiwe watoto wa huku wenzao wa kisiwani wa kuandikiana nao, kwa mkono, kwa karatasi. Barua hupanda basi hadi Dar es Salaam na kupanda boti, na haraka si lazima. Muda wa kungoja majibu ndio muda wa kusahihisha. Mtoto wa Mutuka amekwisha kuandika barua yake ya kwanza. Ameeleza habari za ziwa, za mbaazi na za mguu wake, ambao sasa umeunga, na mwisho ameuliza: "Je, huko kwenu baharini wamo viboko, au mna samaki tu?" Bahasha imo mezani kwetu hapa Babati, imebandikwa stempu. Sehemu ya jina la mpokeaji bado iko wazi.